Baiskeli Aliyoivua Mzee Alois

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogeeni karibu. Na wewe unayepuliza moto jikoni, ongeza sauti kidogo, maana leo namzungumzia mtu mnayemfahamu. Ni Mzee Alois wa Kizwite. Mzee Alois, karani mstaafu wa ofisi ya kilimo, yule aliyekuwa akiwasimamisha vijana barabarani na kuwakagulia breki za baiskeli zao, watake wasitake. Amefariki Jumanne. Tumemzika Alhamisi.

Sitamremba. Mke wake, Mama Dominika, ndiye aliyeniomba nisimrembe. Aliniambia nikija hapa niseme yote, hata lile. Basi nitasema hata lile.

Turudi nyuma. Mwaka 1974 mkoa wetu wa Rukwa ulianzishwa, na Sumbawanga ikawa mji wa maofisa. Wakaja makarani kutoka Mbeya, wakapanga vyumba Mazwi, wakaanza kulalamikia upepo wetu wa mwezi wa saba kama vile sisi ndio tuliouleta. Mmoja wao aliitwa Andwele. Alikuja na mke wake, Atusaye, na binti yao mdogo, Tusajigwe. Ofisini Andwele alipewa meza jirani na meza ya Alois. Haikuchukua muda wakawa marafiki, wa kula pamoja na kutaniana pamoja.

Alois alikuwa na baiskeli. Andwele hakuwa nayo. Hilo mlishike.

Vijana mnaonisikiliza, miaka ile huendi tu dukani ukanunua baiskeli. Unasubiri kibali. Zilipofika kwenye duka la mkoa, mji mzima ulijua kabla hazijateremshwa kwenye lori. Andwele alimwomba Alois amsindikize akamchagulie. Alois akamwambia achana na rangi, rangi haikupeleki kazini. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, utazame kama rimu inayumba. Chukua breki za fimbo, usichukue za waya, maana waya ukikatika hapa utapata wapi mwingine? Karia iwe nene, siku moja utabeba gunia. Andwele akachagua moja, akashika usukani, akapiga kengele yake mara kadhaa kama mtoto. Halafu akaambiwa kibali chake hakijapita. Akarudi Mazwi kwa miguu.

Alois naye aliipenda mno baiskeli yake. Nasema mno, na familia inakubali. Kila Jumapili baada ya misa aliigeuza miguu juu pale uani. Cheni aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaipaka mafuta ya nyonyo, kwa kuwa grisi haikupatikana. Masika alitembea na kijiti cha kukwangulia tope kwenye madigadi. Mwanawe wa kwanza, Zenon, anasema kwa kucheka, "Sisi watoto tulikuwa tunaoga baada ya baiskeli."

Sasa kulikuwa na mtindo hapa mjini. Waliuita kuivua baiskeli. Vifaa vilikuwa adimu, kwa hiyo mtu akikuomba baiskeli, humnyimi, lakini kwanza unaivua. Unatoa pampu. Unatoa kengele. Unatoa dainamo ya taa. Unampa mwenzako baiskeli tupu, naye hakasiriki, kwa sababu hata yeye angefanya hivyo. Kila mtu aliivua ya kwake.

Kilichokuwa adimu kuliko vyote ni raba za breki. Watu walikata vipande vya katambuga, vile viatu vya tairi, wakavibana mahali pa raba. Hapa mjini vilitosha. Ardhi yetu ya juu haina miteremko ya kutisha, na ukizidiwa unaburuta mguu. Lakini Alois alikuwa amepata raba mpya kabisa, zimetoka upande wa Zambia. Alizitunza kama mboni ya jicho.

Ikafika Jumamosi moja ya mwaka 1976. Andwele akaomba baiskeli azunguke mjini kutafuta mafuta ya taa. Alois akakubali. Akaivua kama desturi. Akatoa pampu, akatoa kengele, akatoa dainamo. Kisha akafanya jambo ambalo wengine hawakuwa wakilifanya. Akatoa zile raba mpya za breki, akabana vipande vya katambuga, ili mwenzake asije akamlia raba zake. Na hakumwambia.

Nasema tena, kwa sababu Mama Dominika ameniomba niseme tena. Alitoa raba. Na hakumwambia.

Andwele alipopita nyumbani kwake, alikuta habari. Shemeji yake, Anyitike, kaka yake Atusaye, alikuwa mwalimu Muze, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Alikuwa amezidiwa na malaria, na dawa kule hakuna. Atusaye alikuwa na dawa ndani. Andwele akaitia mfukoni, akapanda baiskeli, akaenda.

Mnaifahamu njia ya Muze. Ukifika ukingoni, nchi inakatika, na njia inashuka kwa kona juu ya kona. Katambuga haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Vipande vikapata moto, vikachomoka. Waliomwokota Andwele ni watu waliokuwa wakipanda na samaki wao. Walimbeba kwa machela kurudi juu, akafia njiani. Dawa wakaikuta mfukoni nzima nzima, mmoja wao akaishusha Muze kama alivyowaomba, na Mwalimu Anyitike akapona.

Mama Dominika anasema jioni ile mume wake alichukua zile raba nzuri akazitumbukiza chooni. Kisha akamweleza. Hakumweleza mwingine, ila padri.

Tangu hapo Alois hakupanda tena baiskeli. Alitembea kwa miguu, Kizwite mpaka ofisini, mvua na jua, mpaka anastaafu. Na kila msimu wa mavuno alipeleka mahindi na ulezi kwa mjane wa Andwele. Tusajigwe alipokua na kupata baiskeli ya kwendea shule, aliyeitunza ni Alois. Watu wa Mazwi wakasema wanavyojua kusema, kwamba karani anamtaka mjane. Mama Dominika alisikia, akanyamaza, kwa kuwa kulikanusha kungemlazimu kueleza.

Alitaka kitu kimoja tu yule mzee. Atusaye ajue kosa lake, kisha amwambie yamekwisha. Hilo tu. Alienda kumwambia akashindwa, akaenda tena akashindwa. Siku moja alijikaza. Walikuwa sebuleni kwa Atusaye, kofia iko magotini. Akasema, "Shemeji, zile breki..." Atusaye akasimama. Akamwambia cheni ya baiskeli ya mtoto inaruka, hebu akaitazame. Alois akatoka, akaitazama cheni. Haikuwa na kasoro yoyote. Hakulileta tena neno lile.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwapo msibani Jumatano. Mama Atusaye aliingia anashikwa mkono na binti yake. Ni mzee sasa. Akaketi mkekani mbele ya Mama Dominika, na akaanza kuongea kabla hata ya kutoa pole. Nayarudia maneno yake kwa idhini yake.

Alisema, "Andwele alizijua zile breki. Alifika nyumbani akanionyesha, akacheka. Akasema, 'Alois kavua mpaka raba.' Akasema kwa breki hizi Muze hapaendeki, atakwenda kesho na lori la ushirika. Mimi nikamwambia, angekuwa kaka yako ungeenda leo."

Kisha akaendelea.

Alisema siku ile sebuleni alijua vizuri shemeji Alois anataka kusema nini. Alijua pia kwamba akimwacha aseme la kwake, itambidi naye aseme la kwake. Akaogopa. Akamtuma kwenye cheni. Miaka yote alipokea mahindi yake, na kila gunia lilipoingia aliona aibu, na bado alipokea. Alimwacha Alois aubebe mzigo peke yake, na nusu ya mzigo huo ilikuwa ya kwake.

Nilimtazama Mama Dominika. Nilidhani atafoka, na ningemwelewa. Hakufoka. Alisema taratibu tu, "Jumatatu alikuwa bado anasikia, mwenzangu. Jumatatu tu."

Wakalia wote wawili.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mama Dominika, kwa Zenon na wadogo zake, na kwa ndugu wote wa Kizwite. Nampa pole pia Mama Atusaye. Najua unanisikiliza, mama, na najua hukutarajia kutajwa kati ya wafiwa. Umefiwa na wewe.

Huwa mwishoni tunapiga wimbo. Leo sipigi. Kama kuna mtu unamkwepa kwa sababu ya neno ulilo nalo, au neno alilo nalo yeye, na mtu huyo bado yu hai, zima redio uende. Mimi nitanyamaza ili usipate kisingizio cha kubaki.