Cornelius Ligami, Aliyekataa Kulipia Mwamba

Marehemu kaka yetu Cornelius Ligami Shivachi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa Malinya, Ikolomani, kijana wa kwanza wa marehemu Mzee Shivachi na Mama Ayuma. Mimi ninayewasomea ni Mildred, dada yake anayemfuata. Wazee wameniomba nilainishe maneno. Nimejaribu, yamekataa.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza mwaka wa 1993, kisha sekondari hadi 1997. Likizo zikifika, wenzake walikimbilia uwanja wa kupiganisha fahali. Yeye alishuka shimoni na Baba kutafuta dhahabu ili karo ipatikane. Dhahabu ilikuwa ya kubahatisha, lakini mawe aliyajua. Baba alimfunza kutofautisha udongo na mwamba kwa mlio wa sururu tu. Mwaka wa 1999 alijiunga na chuo kikuu Nairobi, akahitimu 2003 kama mkadiriaji wa gharama za ujenzi.

Kazi hiyo wengi wenu hamkuielewa, na labda hapo ndipo balaa lilipoanzia. Huyo si injinia wala fundi. Ni mtu anayekwenda kwenye jengo, akapima kazi iliyofanyika kweli, kisha akasema mkandarasi alipwe nini na asilipwe nini. Mama alimwonya mapema: "Ligami, kazi ya kupima jasho la watu hailetangi marafiki." Akacheka, "Mama, jasho silipimi. Napima ukuta."

Mwaka wa 2008 alimwoa Wendy Namalwa wa Lumakanda. Siku ya kwanza kwa wakwe, kabla hata hajaketi, aliinua macho kwenye paa la ghala la mahindi na kumwambia baba mkwe, "Mzee, fundi wako alikuuzia mabati mepesi." Namalwa alitaka ardhi immeze. Lakini mzee alicheka hadi machozi, akasema binti yake amepata mtu ambaye hatadanganywa. Kuku alipoletwa, firigisi, kipande cha heshima, akapewa Ligami.

Mwezi wa Machi 2022 aliajiriwa kusimamia gharama za Hospitali ya Mwangaza, ile ya ghorofa tano, iliyokuwa ikijengwa kwa pesa za wafadhili na michango yetu. Kila aliyeketi hapa alitoa chochote. Mama alitoa ndama. Mwaka uliofuata mkandarasi alileta dai kwamba alipochimba msingi alikutana na mwamba, akauvunja kwa mashine. Kuvunja mwamba hulipiwa mara nyingi zaidi ya kuchimba udongo. Shida yake ni kwamba Ligami alikuwa ameshuka ndani ya msingi ule kabla zege halijamwagwa.

"Mwamba gani?" alimwuliza mbele ya kamati nzima. "Mimi nimelelewa shimoni. Pale ni udongo mwekundu, hata jembe la mama yangu linaingia." Akakataa kutia sahihi, maana dai lile lingelipwa, pesa za paa na za mabomba ya oksijeni zingekwisha. Kamati ilimpigia makofi siku hiyo.

Mkandarasi naye akaondoa mashine zake, akafunga geti, akaenda kortini kudai alipwe. Ndipo maneno yakaanza. Kwanza ilikuwa Ligami amekalia pesa. Baada ya mwezi, Ligami amekula pesa. Kamati ilijua ukweli, lakini ilimwambia anyamaze kwa kuwa kesi iko kortini, nayo ikanyamaza vilevile. Wueh! Sokoni, Mama alikuwa akiulizwa, "Leo unanunua nini na pesa za hospitali?" Mama huyu, mwenye ndama wake humo! Kanisani mliacha nafasi kando ya Namalwa kana kwamba ana ndui. Inaniuma. Itaniuma hadi siku nami nitakapofukiwa.

Kaka alikuwa amechimba msingi wa nyumba yake hapo nyuma ya migomba. Akauacha, ukaota nyasi. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Dada, nikiweka tofali moja hapo, watasema limetoka hospitalini. Acha jina lioshwe kwanza." Nilimwambia huo ni ujinga, watu husema tu. Hakunisikia. Alibaki kwenye nyumba ya kupanga kule mjini, pale Shieywe.

Presha ilimwanza mwaka wa 2024. Jumapili tarehe 11 Januari 2026 alianguka akifunga viatu aende misa. Alikimbizwa hospitali ya mbali, Eldoret, akiwa hawezi kusema, na alfajiri ya Jumanne tarehe 20 akatuacha. Kutoka mlangoni kwake Shieywe unaweza kutembea hadi Mwangaza. Ina kuta nzuri sana. Haina paa.

Desturi mnaijua. Mwanamume mwenye watoto hatolewi nyumbani kwa mama yake kupelekwa kaburini. Sharti atoke kwake. Kwa hiyo Alhamisi vijana wa ukoo walimpigia kile kibanda cha mabati, na jana ndipo alipolala kwake kwa mara ya kwanza. Kitazameni vizuri. Msigeuze nyuso. Mwizi gani huyu anayekufa hana mlango? Niliona baadhi yenu mkikodolea macho kibanda hicho jana, mkinong'ona, "Kumbe." Kumbe nini? Sasa ndiyo mnajua?

Ameacha mjane, Wendy Namalwa. Watoto wawili, Shantel na Weldon. Mama yetu Ayuma. Sisi dada zake wawili, na ndugu yetu Barnaba.

Kwenye ratiba mnaona baada yangu anafuata Mzee Wanyama, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Amepewa dakika kumi za rambirambi. Mzee, shada lako tumelipokea, asante. Lakini usituambie marehemu alikuwa mchapakazi, hilo tunalijua. Chukua kipaza sauti, umtazame Mama, umjibu: palikuwa na mwamba, au hapakuwa? Jeneza litangoja. Ukishajibu, hapo ndipo sisi wa nyumba hii tutakapoweza kusema apumzike kwa amani.