Msiba wa Masina Toleafoa Hautakimbizwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Pepe, mdogo wake marehemu. Jana mwanawe Filipo, aliyefika kutoka Auckland, aliniambia, "Mama mdogo, tusivute mambo, ndege haimsubiri mtu." Anataka nisome wasifu upesi, kaburi lifukiwe, na chakula kigawiwe kwenye vifuko, watu wale njiani. Nimemsikia. Sasa na yeye anisikie.

Marehemu Masina alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 hapa Fagalele, kisiwani Savaii, mtoto wa kwanza wa Mzee Iosefo Toleafoa na Mama Mele. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1955 hadi 1963, na alichapwa sana kwa kuchelewa. Sisi tulilelewa kwamba mtu hali chakula huku anatembea. Basi jirani akimpa taro ya moto njiani, alikaa chini, akala, akashukuru, ndipo akaendelea. Mwalimu akifoka, alijibu, "Nilikuwa nakula, Mwalimu." Viboko havikumbadilisha.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya heshima ya majani ya mkadi, ile tunayotoa kwenye harusi, na kumfunikia marehemu kwenye misiba. Alichana jani jembamba mno, na mkeka mmoja ulimchukua mwaka, pengine miwili. Kombe la baharini la kuitia sala ya jioni likipulizwa, aliacha palepale, hata kama mstari ulikuwa umebaki kidogo. Mwaka 1996 wenzake walianza kuchana majani mapana ili wamalize haraka, na kiongozi wao akaja kumsihi: "Dada Masina, nani ataangalia upana wa jani msibani?" Akamjibu, "Huyo anayefunikwa hana haraka." Wakamwita Kobe. Alicheka nao, na hakupanua hata jani moja.

Tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa na Petelo Lafoga, wakajaliwa Filipo na Sose. Shemeji alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Sose alimuuguza, Mungu ambariki binti huyu. Filipo alipopigiwa simu alisema, "Nitakuja Krismasi, Mama, sasa hivi nimebanwa." Krismasi mbili zikapita. Jamani! Kubanwa gani huko kusikoisha? Nilitaka nimpigie nimpashe, dada akanizuia: "Mwache, Pepe, anakimbizwa huyo." Yeye alimwacha. Mimi sijamwacha. Masina alifariki Jumapili, tarehe 4 Juni 2023, alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sose.

Vile vifuko nimevifungua mwenyewe asubuhi. Chakula kimetandazwa kwenye majani ya mgomba hapa mbele ya nyumba, kando ya kaburi, na kila mtu atakaa chini. Asiyependa aninunie, nimezoea. Dada alimsubiri mwanawe akiwa hai, miaka miwili mizima, na mwana anashindwa kumpa mama yake jioni moja! Ndege nyingine zipo.

Marehemu ameacha mdogo wake, binti yake Sose, wajukuu watano, na mwanawe Filipo, ambaye tangu jana yuko wima, simu mkononi, na hatujaliona chozi lake. Keti, mwanangu. Hapa, karibu nami. Lia kwanza, ndipo ule.

Dada, pumzika kwa amani, na asitokee mtu wa kukuharakisha.