Mzee Yarkpawolo Sackie, Aliyewaombea Wengine Radhi (1941–2019)

Tarehe 30 Juni 2009, Tume ya Ushuhuda ya Kaunti ilitangaza, kwanza redioni na baadaye kwa maandishi, kwamba ukweli wote kuhusu mauaji ya geti la barabarani la Gbarmue umepatikana. Kwamba mhusika mkuu, Yarkpawolo Sackie, aliyejulikana vitani kwa jina la Fundi, amekiri kwa hiari yake bila kushurutishwa na mtu. Na kwamba kwa sababu hiyo jalada la geti hilo limefungwa. Familia inaliheshimu tangazo hilo kama inavyoheshimu matangazo yote ya serikali, na inaomba ruhusa ya kuongeza machache.

Mzee Yarkpawolo alizaliwa Gbarmue mwaka 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Sumo Sackie, mkulima wa mpunga, na Ma Nyamah. Siku yenyewe, tarehe 9 Machi, aliichagua mwenyewe alipoandikishwa shule, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshika kalamu na anangoja. Tangu hapo, kila alipoulizwa swali na mtu mwenye kalamu, aliona haya kumrudisha mikono mitupu.

Alisoma shule ya misheni mjini Gbarnga mpaka darasa la nne, mwaka 1955, karo ilipokwisha. Alijifunza ushonaji kwa Alfa Barry, Mfulani aliyekuwa na cherehani mbili pale sokoni, na mwaka 1962 alirudi nyumbani na cherehani yake. Alishona sare za shule, gauni za harusi na suti za kuzikia. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza na pini mdomoni, ndiyo maana alisifiwa kuwa ni mtu wa maneno machache.

Mwaka 1968 alimwoa Kebbeh Dolo wa Gbarnga, na Mungu akawajalia watoto watatu: Lorpu, Tokpah na Gormah.

Kazi yake ya pili haikuwa na cherehani. Kwetu mkosaji hajiombei radhi mwenyewe. Akijiombea, watu husema bado hajalijua kosa. Hutafutwa mwombezi, akajitwisha kosa lile kichwani kama mzigo wake, akaenda kumshika mguu aliyekosewa. Aliyekosewa akiridhika, humpa mwombezi maji baridi anywe, na mzigo ukawa umetuliwa. Mwombezi akisema "si mimi, ni fulani", ameharibu kila kitu. Marehemu aliifanya kazi hii tangu mwaka 1971. Safari moja alimwombea mwizi wa mbuzi, na mwenye mbuzi, kwa hasira, akamchapa kofi. Mwizi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema kwa huruma ya kweli, "Pole sana, Mzee." Ma Kebbeh alizoea kusema: "Mume wangu ana makosa ya mji mzima. Ya kwake mwenyewe sijayaona bado, nadhani amekosa pa kuyaweka."

Vita vilifika mwaka 1990. Vijana sita wa Gbarmue, ambao sare zao za shule alizishona marehemu, walipewa bunduki na kamba ya kukinga barabara, ndiyo geti lenyewe. Waliokufa kwenye kamba ile wana ndugu zao hapa leo, akiwemo Ma Garmai, ambaye mumewe Mulbah alikuwa akirudi na chumvi. Marehemu hakuwepo. Tangu mwezi Mei mwaka ule mpaka 1997 alikuwa Nzérékoré, ng'ambo ya mpaka, na mkewe na wanawe, akiwashonea wakimbizi wenzake.

Mwezi Agosti 2007 Tume ilifika Gbarmue na meza moja, viti viwili na binti mwerevu kutoka Monrovia, Bi. Williette, aliyefundishwa kusikiliza bila kulia. Alitangaza kwamba atakayesema ukweli hatashtakiwa. Mji ukaingiwa na hofu, maana hapakuwa na aliyekumbuka serikali kuahidi jambo kama hilo likaisha vizuri. Ikavuma kwamba chini ya ile meza kuna njia inayokwenda jela moja kwa moja. Watu wazima walidondosha vitu makusudi ili wainame kuitazama.

Ndipo kina mama sita walipokuja kwa marehemu na punje za kola na kuku mweupe, zawadi za kumwitia mwombezi.

"Baba Lorpu, watoto wetu wakienda watafungwa. Wasipoenda, wale waliouawa hawawaachi kulala. Tuombee."

"Kina mama, hili si la mbuzi."

"Lingekuwa la mbuzi tungekusumbua?"

Ma Kebbeh akapaza sauti kutoka jikoni: "Mchukueni na kitanda chake basi, msimrudishe tena!"

Alikwenda. Yaliyosemwa mezani aliyarudia nyumbani kwa miaka mingi, akitafuta mahali alipopotea njia.

"Mzee, wewe ni nani katika jambo hili?"

"Ndimi niliyekuja kuliombea."

"Getini pale watu waliuawa?"

"Waliuawa, mwanangu."

"Na nani?"

"Liweke kichwani kwangu. Ndilo lililonileta."

Kalamu ikasimama. "Yaani ni wewe?"

Angekataa, angekuwa amewatukana waliofiwa. Na kalamu ilikuwa inangoja.

"Andika," alisema.

"Wakati ule watu walikuita nani?"

"Fundi."

Bi. Williette akaandika polepole. Alipomaliza, marehemu alikaa akingoja maji. Binti naye alikuwa anangoja aondoke.

"Asante, Mzee," akasema mwishowe. "Tume itakujulisha."

Tume ikamjulisha, na nchi nzima nayo, baada ya miaka miwili. Mwanawe Tokpah, aliyekuwa ameomba kazi serikalini, aliulizwa kama ana undugu na yule Sackie, akasema ni baba yake, akaambiwa aende atapigiwa simu. Hajapigiwa. Lorpu, binti mkubwa, alikuja kutoka Ganta siku ileile ya tangazo.

"Baba, wewe ulikuwa Nzérékoré! Kadi ya ukimbizi imo sandukuni. Twende tukawaonyeshe."

"Twende. Nikishasema si mimi, swali la pili litakuwa lipi?"

Lorpu, aliyekuwa ameanza kulifungua sanduku, akalifunga.

"Haya. Hilo la pili ndilo siliwezi."

Kuanzia hapo marehemu alihamisha cherehani, akaiweka kuelekea barabarani. Karibu yake palikuwa na mfuko wenye kanzu moja, mswaki na mkasi, tayari kwa siku watakapokuja kumkamata. Gari likipunguza mwendo, mguu wake ulisimama kwenye kanyagio, na mshono ukaenda upande. Gbarmue nzima ilivaa mishono ya upande, na hakuna aliyelalamika. Vijana wale sita, ambao sasa ni wanaume wenye familia, walimwezekea nyumba, walimvunia mpunga. Kila alipowaona alitoa pini zote mdomoni, akangoja. Alitaka mmoja tu kati yao aseme lile la getini.

"Mzee, mvua ya mwaka huu!" wao walisema.

"Ndiyo," alijibu. "Mvua." Akarudisha pini mdomoni.

Kila mwezi Machi, siku ya kusafisha makaburi, alikwenda kwa Ma Garmai kumshika mguu.

"Simama, Fundi, utachafua suruali," Ma Garmai alimwambia. "Kula wali. Supu ya pilipili hiyo hapo."

"Nimekuja kwa ajili ya maji, dada yangu."

"Maji ninayo. Namngojea mwenye kiu."

"Yeye hatakuja, ndiyo maana nimekuja mimi."

"Basi nawe kula, tungoje wawili."

Familia inamshukuru Ma Garmai. Hakukosea. Ila ilikuwa miaka mingi kwa mtu mmoja kubeba mzigo.

Presha ilimwanza mwaka 2016. Madaktari walimwambia apunguze wasiwasi, naye aliwaahidi kwa kuwa walikuwa na kalamu. Mwezi Januari mwaka huu alilazwa Gbarnga, na akawatumia salamu wale sita kwamba angependa kuwaona. Walikuja wote, na machungwa. Walisimama miguuni pa kitanda, kila mmoja akimtazama mwenzake, kama watoto wasiojua nani aanze kusali. Mmoja akasema barabara imeharibika sana. Mwingine akasema ni kweli. Marehemu aliwangoja mpaka usingizi ukamchukua, nao wakatoka kwa kunyata wasimwamshe.

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Februari 2019, Lorpu akiwa ameushika mkono wake. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Wamesemaje?"

Ameacha mjane, Ma Kebbeh. Watoto, Lorpu, Tokpah na Gormah. Wajukuu kumi na mmoja. Dada yake, Ma Yassah wa Voinjama. Na nguo tatu za wateja ambazo hazijatiwa vifungo. Mola ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.

Familia inawashukuru pia wanaume sita wa Gbarmue waliochimba kaburi na watakaobeba jeneza leo. Kwa ombi lao wenyewe, majina yao hayakuchapishwa.