Dagaa, Watoto na Siku Isiyotulia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sina aibu hata kidogo.

Mnanijua, Mama Neema wa Igogo. Baba Neema alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato, nilianza kuanika dagaa mchangani nyuma ya nyumba. Neema wangu miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na shule ilikataa kumpokea. Nikasema basi, nitamfundisha mwenyewe, pamoja na wadogo zake wawili. Watu walicheka! Nikafundisha.

Lakini shule niliyoijua mimi ni ile niliyosoma. Kila asubuhi niligonga rimu ya gari kama kengele, nikawapanga mstarini, nikakagua kucha, tukaimba. Kabla wimbo haujaisha mteja anapiga hodi, uji umemwagika, kunguru wako kwenye dagaa! Ndugu zangu, nilichoka. Nililia nikimwomba Bwana siku moja tu tulivu, na sikuipata.

Mama mkwe akaja kutoka Bujora, akaiona ile vurugu. Akamtazama Neema, akasema, "Mkamwana, huyu nipe mimi. Atakaa, atakula, inatosha." Inatosha! Nami kwa uchovu nikakubali, nikafunga nguo za Neema aende naye Bujora.

Asubuhi ya safari wingu likatanda ziwani. Dagaa wote walikuwa nje, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na wakilowa ndiyo basi. Nikapagawa, nakimbia huku na huku bila kushika kitu. Ndipo Neema akapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake: "Mama, simama! Nyavu ni kumi na mbili, nanyi pamoja na bibi mko wanne. Kila mtu akunje tatu! Bibi, chukua za karibu!"

Na bibi akakunja! Hesabu ya kugawanya iliyomshinda ubaoni wiki nzima, mwanangu aliifanya mvua ikiwa kichwani.

Tulipoingia ndani, mama mkwe akauliza nani kamfundisha. Nikamjibu: mimi, mama, katika vurugu hii hii! Nikafungua ule mzigo wa nguo palepale. Bwana alikuwa amenifungua macho: nilipoomba siku tulivu, nilikuwa namwomba aliondoe darasa lenyewe!

Mstarini hatupangi tena. Tunasoma tukigeuza dagaa, na kelele ziko palepale. Shetani asikie: kelele hizo hazinitishi tena!

Nawe mama uliyekuja umechoka, usingoje siku itulie. Mkabidhi Bwana hiyo hiyo uliyonayo. Neema, inua mkono wakuone! Huyo hapo, ndugu zangu. Haendi popote.