Programu Isiyojua Sabato

Katika boti tuliyopanda kutoka kisiwa cha Remba kwenda Mbita, kijana aitwaye Sammy alijisifu kwamba mwaka jana ndiye aliyetengeneza programu ya ushirika wetu wa omena, wale dagaa wa ziwani. Bosibori, mchuuzi wa omena na Msabato, aligeuka papo hapo.

"Kumbe ni wewe! Jumapili nikileta omena, programu yako inakataa, inasema ushirika umefunga. Jumamosi nikiwa kanisani, inaandika nimekosa kuleta. Nikikosa mara moja tena, natolewa kwa ushirika!"

"Mama, hiyo sehemu ya siku sikuiandika mimi. Niliitoa kwa programu ya ushirika wa maziwa wa kule Kegonga. Kitu kinachofanya kazi hatukiandiki upya."

"Kinafanya kazi kwa nani? Kwa ng'ombe?"

Abiria walicheka. Sammy hakucheka. Alisema vyama vya ushirika kumi na vinne vinatumia sehemu hiyo hiyo na hakuna aliyelalamika.

"Na wewe ulikuja Remba mara ngapi kabla ya kutuletea?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza," alikiri.

Mimi nilisoma shule ya usiku nikiwa na mvi. Mwalimu wetu hakuwa na kompyuta, lakini kabla ya kupanga ratiba alimuuliza kila mmoja wetu anatoka kazini saa ngapi.

Boti ilipogusa ufuo wa Mbita, Sammy alitoa daftari. "Mama, Sabato yenu huanza saa ngapi?"

"Hilo lilikuwa swali la mwaka jana," alisema Bosibori, akajitwika gunia lake, akashuka.