Mzee Kanda, Mtunza Sauti Asiyeishiwa Maoni

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofunga safari kuja kutusaidia kumsindikiza mpendwa wetu, tunaomba mtulie kidogo mtusikilize, maana marehemu alikuwa mtu wa kusema, na leo kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hatatukatiza. Karatasi hii anaisoma mdogo wake wa kike, mwalimu mstaafu, kwa niaba ya mjane na watoto, na imeandikwa kwa kufuata agizo alilolitoa akiwa bado na kauli, kwamba siku yake ikifika asisifiwe uongo, kwa sababu alihudhuria mazishi mengi na hajawahi kusikia amezikwa mtu mbaya.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Kanda, alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa taa za ishara na mshonaji wa nguo. Mwaka 1966, akiwa na miaka tisa, aliifungua redio ya baba yetu wakati mwenyewe yuko kazini, akaitandaza yote sakafuni, akaifunga tena kabla baba hajarudi, na redio ikasema vizuri kuliko zamani, ila skrubu mbili zilibaki mkononi. Baba akamwuliza, "Na hizi mbili zilikuwa za nini?" naye akajibu, "Hizo ndizo zilizokuwa zinaizuia." Alichapwa, lakini jibu hakulibadilisha, na katika maisha yake alimeza neno lake mara moja tu, ambayo tutaifikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, na chuo cha ufundi kuanzia 1975 hadi 1977, alikopata cheti cha ufundi wa redio. Ripoti yake ya kidato cha tatu, ambayo mama aliitunza kwenye droo ya cherehani mpaka karatasi ikawa ya manjano, ina maneno haya ya mwalimu mkuu, "Ana akili, ila hakubali kushindwa hata akishashindwa."

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa kituo cha redio akiwa fundi mitambo, na mwaka 1985 akakabidhiwa maktaba ya kanda, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye feni moja, rafu za chuma hadi darini, na kanda elfu kumi na moja za hotuba, taarabu, kwaya, michezo ya kuigiza na mahojiano na watu ambao wengi wao walikuwa wameshatangulia. Kila kanda aliiandikia kadi kwa mkono wake, tarehe, mahali, aliyeimba, aliyepiga na hata aliyekohoa, na mtu akiomba kuazima aliulizwa maswali kama anayeomba mchumba.

Mchumba wake mwenyewe alimpata kazini. Mwezi Mei mwaka 1980 kwaya ya wauguzi ilikuja kurekodiwa, naye akaisimamisha mara kumi na moja kwa sababu muuguzi mmoja sauti yake ilikuwa inawafunika wenzake, na kila mara alitoka kwenye mitambo, akamsogeza hatua moja nyuma, hadi muuguzi akamwuliza, "Fundi, unanirekodi au unanifukuza?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1988, na mjane anasema kwamba katika miaka arobaini na miwili ya ndoa hiyo aliambiwa anapendwa mara chache, lakini aliambiwa mara nyingi kwamba wimbo ule, kanda namba 2207, ndio rekodi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na yeye alijua maana yake.

Tangu mwaka 2006 marehemu alikuwa na blogu, aliyoiandika kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na humo aliweka maoni yake kuhusu teknolojia, siasa, muziki wa kidijitali na mambo ya maofisini, jumla ya makala 862. Wasomaji hawakuwa wengi, wiki nyingine walikuwa tisa, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe akijisoma kwenye kompyuta ya ofisini ili kuhakikisha herufi zimekaa sawa. Alisema muziki wa siku hizi umekamuliwa kama chungwa, na sisi tunauziwa maganda huku tukiambiwa ni mepesi kubeba. Alisema ukiona kampuni imeanza kukuita familia, tafuta pa kujificha, maana kwenye familia ya kweli mtu hapewi notisi. Shemeji zake walikuwa wakimkwepa kwenye sherehe, na tunakiri hapa kwamba hata sisi wa damu moja tulikuwa tukibadilisha kiti.

Sasa tufike kwenye ile mara moja. Mwezi Agosti mwaka 2010, katika kanda zake, alikutana na mwanasiasa mmoja akiwaahidi maji watu wa mtaa mmoja mwaka 1983, akawaahidi tena mwaka 1991, akawaahidi tena mwaka 2004, kwa maneno yale yale hata kikohozi kikawa mahali pale pale, naye akaziunganisha zile sauti tatu, akaziweka kwenye blogu bila kuongeza neno. Safari hii wasomaji hawakuwa tisa. Tarehe 4 Septemba aliitwa na mkurugenzi, ambaye hakumgombeza, alimkaribisha chai, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Na yule binti yako mwalimu, ameshapata ajira serikalini, au bado anasubiri?" Marehemu alirudi nyumbani mapema siku hiyo, akakaa mbele ya kompyuta, mkewe akamletea maji, hakuyanywa, akazifuta zile sauti, akafunga mashine. Binti alipata ajira mwezi Novemba, mwanasiasa akashinda, na uchaguzi uliofuata akaahidi maji. Binti hakuwahi kujua kwa nini baba yake hakuja kwenye chakula cha kumpongeza, amejua wiki hii, mama yake alipomwambia tulipokuwa tunaandika karatasi hii, na ameomba tuisome hivi hivi bila kuipunguza.

Mwaka 2014 kituo kilinunuliwa na kampuni kubwa, ukuta wa mapokezi ukaandikwa kwa rangi ya chungwa "Sisi ni Familia", wafanyakazi wakapewa fulana na kuimbishwa kauli mbiu kila Jumatatu asubuhi, naye akiwa na miaka hamsini na saba aliivaa ile fulana juu ya shati lake na tai, akasimama mstari wa nyuma, midomo imefungwa. Alikuwa ameomba kwa miaka mingi kanda zihamishiwe kwenye kompyuta kwa utaratibu, alikadiria miaka mitano, akapewa miezi minne na vibarua watatu ambao hawakuwahi kuona mashine ya kanda. Muda ulipokwisha, kanda 7,840 zilikuwa zimehamishwa, nyingi zikiwa zimebanwa hadi zinasikika kama mtu anayeongea ndani ya kopo, na 3,160 zilikuwa hazijaguswa, ikiwemo namba 2207. Tarehe 22 Agosti 2016 lori lilikuja kuzichukua zote kuzipeleka dampo, zilizohamishwa na zisizohamishwa, naye akasimama mbele ya lori, mkono kwenye boneti. Meneja mpya, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi, vitu vyote viko kwenye wingu." Marehemu akamwuliza, "Umewahi kuona wingu lililokaa?" Meneja akacheka, dereva akacheka, naye mwenyewe, anasema mlinzi aliyekuwepo, alicheka kidogo, kisha akatoa mkono, lori likapita. Miaka mitatu baadaye kampuni ilibadilisha mkataba wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, na karibu nusu ya zile zilizokuwa kwenye wingu hazikuonekana tena.

Mwezi Januari mwaka 2017 redio ililetewa programu ya kompyuta inayochagua nyimbo, kazi iliyokuwa ya watu, na programu hiyo, tunaisema kwa idhini ya mhusika, ilitengenezwa na kampuni anayofanyia kazi mtoto wake wa kiume. Walibishana mezani. Kijana alisema, "Baba, mashine inajua watu wanataka kusikia nini." Baba alisema, "Inajua walichosikia jana." Kijana akasema, "Wewe unachukia kila kitu ambacho hukukianza," na baba akaendelea kula. Kijana aliondoka kesho yake, na kwa karibu miaka sita salamu zilipitia kwa mama. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo marehemu aliachishwa kazi kwa barua pepe iliyoanza na maneno "Mpendwa mwanafamilia", na alipomaliza kuisoma kadi yake ya mlango ilikuwa imeshafungwa, ikabidi mlinzi amfungulie lango la magari ili aweze kutoka, baada ya miaka thelathini na tisa.

Kuanzia mwaka 2018 masikio yake yalianza kupungua nguvu, kwanza yakaondoka marimba, akasema, kisha sauti za wanawake, kisha mvua, na mwaka 2020 akawa hasikii kabisa, lakini aliendelea kuandika kila Jumapili kuhusu muziki ambao asingeusikia tena. Tarehe 11 Novemba 2022 alipata kiharusi kilichochukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Mtoto wake wa kiume alifika tarehe 2 Desemba, akaketi kando ya kitanda, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine akaandika kwenye simu, "Baba, ulikuwa sahihi," akamwonyesha. Marehemu aliisoma, akaichukua simu kwa mkono wa kushoto, akaandika taratibu herufi moja moja, "Najua. Imesaidia nini?" Kijana alimshika mkono.

Mwezi Juni mwaka 2023 kampuni iliyokuwa ikihifadhi blogu yake ilizizima kurasa zote, ikatangaza kuzifuta ifikapo tarehe 30, ikataka wenye blogu waingie kwa neno la siri wachukue mali zao. Tulijaribu majina ya watoto, tarehe ya ndoa, namba 2207, tulimwandikia tukamwuliza, akafikiri hadi jasho likamtoka, lakini kiharusi kilikuwa kimelichukua na hilo. Mjane alikuwa amechapisha kwenye karatasi makala ishirini na sita, alizozipenda. Nyingine hazipo. Tangu hapo hakuomba tena kalamu, alishindwa kula kuanzia Septemba mwaka huu, na tarehe 17 Oktoba 2024, saa nane mchana, akiwa nyumbani kwake, mkewe akimgeuza mto, alifariki, akiwa na umri wa miaka 67, miezi minane na siku nane. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomhudumia mgonjwa aliyewasahihisha kwa maandishi, tunawashukuru majirani waliotuletea viti na waliozima muziki wao wiki hii bila kuombwa, na tunawashukuru wale wanne wa redio ya zamani waliokuja, na hata kampuni, iliyotuma shada la maua lenye utepe wa rangi ya chungwa. Tulitaka leo msikie sauti yake mwenyewe, kwa sababu kila kanda aliyorekodi ilianza na yeye akisema tarehe na mahali, kisha moja, mbili, tatu, kabla hajawapisha wengine. Mtoto wake wa kiume ameipekua hazina yote iliyosalia, faili baada ya faili, na amekuta kwamba zilipohamishwa sekunde zile za mwanzo zilikatwa zote, zikiwa zimeandikwa "kelele". Hatukupata hata moja.

Pumzika, kaka. Hakuna tena wa kubishana nawe, na sisi tuliobaki bado tunajiuliza, imesaidia nini.