Koti Jekundu

Pantoni ilikuwa imeshaiacha Magogoni pale bibi Fortunata alipotega sikio. Mbele yake Urvish, muuza redio wa Kariakoo, alikuwa akibishana na Heriel, fundi wa mtaa wa Gerezani, kama watu waliolelewa pamoja, kumbe wamejuana kwenye foleni ya tiketi. Ugomvi wenyewe ni gemu moja ya video, ya mapigano ya upanga: sehemu yake ya nne imetoka.

"Shujaa wa sehemu ya tatu alikuwa na koti jekundu, anaua jini huku anaweka kola sawa," alilalamika Urvish. "Huyu mpya kavaa fulana."

"Wewe kaka unatafuta bwana harusi," alijibu Heriel. "Huyu anapigana kweli. Na joto hili, koti la nini?"

Bibi akaupapasa mkoba. Alikuwa ametoka kununua Kariakoo hiyohiyo ya nne, zawadi kwa mjukuu wake Elieshi, mwanafunzi wa cherehani aliyejishonea koti jekundu kumuiga shujaa wake.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, bibi," wakaitikia pamoja.

"Nimemfuata kaka mtu mjini, nimerudi na mdogo wake."

Wakakuna vichwa mpaka ng'ambo. "Tumeshindwa. Chukua mji, bibi. Chukua Kigamboni."

"Kigamboni nakaa. Nipeni Kariakoo, nikambadilishe huyu wa fulana, nimchukue kaka yake wa koti jekundu."

Lango likashuka. Wao wakatoka wakibishana habari ya koti. Bibi akabaki kwenye benchi, akingoja pantoni igeuze kurudi mjini.